Upinde Wenye Mafundo Kumi na Moja

Kabla ya kupambazuka nilisikia mlio mdogo kutoka jikoni, tii. Ni mlango wa jiko la chuma. Ukiuachia, mlango ule hugonga hadi mbwa wa jirani wabweke, lakini Lorene, mke wa mjukuu wangu, huushika kwa kitambaa na kuurudisha polepole mpaka chuma kiguse chuma. Ameishi nami miaka minne, na kila alfajiri hufanya hivyo ili nisiamke. Sijamwambia kwamba huwa nimeshaamka. Nisingependa aache.

Siku ile nilimwambia, "Lorene, leo utanipeleka kwa Rufus. Na tutabeba gogo."

"Gogo gani, Bibi?"

"La mforosadi. Lile lililo juu ya dari la banda."

Akaacha kumimina kahawa. "Lile ulilotukataza hata kuligusa?"

"Ndilo hilo."

Rufus ni mdogo wangu. Watt ni mdogo wa Rufus. Tumebaki sisi watatu, mimi nikiwa na miaka themanini na mmoja. Nyumba zao zinatazamana, moja ng'ambo hii ya kijito na nyingine ng'ambo ile, na siku za baridi kila mmoja huona moshi wa mwenzake. Lakini kwa miaka sita Rufus hakuvuka kijito.

Rufus alikuwa mtengeneza pinde. Huku kwetu Oklahoma, kwa Wacherokee, wanaume hupenda mchezo wa kupiga mabua. Mabua makavu ya mahindi hupangwa rundo linalofika kifuani mwa mtu, wapigaji husimama mbali hatua tisini au mia, na mshale ukizama watu huenda kuhesabu umetoboa mabua mangapi. Mchezo huo unataka upinde mgumu, na pinde za Rufus watu walizifuata kutoka wilaya nne.

Miaka sita nyuma alimtengenezea Watt upinde kwa ajili ya sikukuu ya Septemba. Ulikuwa na fundo moja mgongoni, upande usiomwelekea mpigaji, limeinuka kidogo kama chunusi. Rufus alijua kwamba fundo la mgongoni haliguswi. Lakini wageni wengi walikuwa wanakuja, naye akataka upinde uonekane laini, upendeze machoni. Akalisawazisha fundo kwa tupa. Mbele ya watu wote Watt aliuvuta, ukakatika palepale penye fundo, na kipande cha juu kikampiga mdomoni. Meno mawili ya mbele yakatoka.

Watt alicheka huku damu ikimchuruzika. Alisema, "Haya, nani ameyaona meno yangu, mbwa wasije wakayala!" Watu wakacheka pia. Rufus hakucheka. Aliokota vipande vya upinde, akaondoka kwa miguu, na tangu siku hiyo hakushika kisu cha kazi.

Watt alimfuata nyumbani kwake mara tatu. Kila aliposikia pikapu ya Watt, Rufus alitokea mlango wa nyuma akaingia msituni. Mara ya tatu Watt alikuja kwangu, akakaa, akasema, "Dada, siwezi kumwinda kaka yangu kama sungura." Nilimkatia mkate.

Mimi nilichotaka ni kitu kimoja tu. Nilitaka kabla sijafa niwaone wale wawili wakila meza moja.

*

Mforosadi ule ulikuwa wa mama yetu. Ulisimama karibu na chemchemi alikofulia nguo, na kila Juni matunda yake yalitia shuka zetu madoa ya zambarau. Mama hakuuacha urefuke. Kila mwaka alikata matawi ya juu ili matawi ya chini yazae, nasi watoto tuyafikie matunda bila kupanda. Kila alipokata, mti uliziba kidonda chake kwa fundo. Nyumba ya mama ilikuja kwangu mimi binti, kama ilivyo desturi yetu, na mti ukaja pamoja na nyumba. Barafu iliyoganda juu ya matawi ndiyo iliyoupasua. Nilimwambia mjukuu wangu alipasue shina vipande viwili, nikapaka rangi ya nyumba kwenye ncha ili lisipasuke likikauka, nikaliweka darini. Nusu moja dumuzi waliila. Nusu ya pili ilibaki.

Tulimkuta Rufus barazani. Ulikuwa mwezi wa Aprili, nilikuwa nimembebea vitunguu pori vilivyokaangwa na mayai. Alitazama chakula, akatazama gogo lililokuwa nyuma ya gari.

"Hilo ni kuni?" aliuliza.

"Kuni gani, wewe? Ni mti wa mama."

Alishuka ngazi polepole. Akauzungusha mkono juu ya gome, kama mtu anayemshika ng'ombe aone kama ana mimba.

"Dada, gogo hili lina mafundo kama uso wa Mjomba Ezra."

"Mjomba Ezra alioa wake watatu kwa uso huohuo."

Akatabasamu kidogo. Akahesabu. "Kumi na moja. Hakuna mtu mwenye akili anayetengeneza upinde kwa mti wa mafundo kumi na moja."

"Ndiyo maana nimeleta kwako."

Lorene aligeuka upande akaziba mdomo. Rufus hakucheka. Aliuliza, "Ni wa nani?"

"Wa Watt."

Alikaa kwenye ngazi. Alikaa muda mrefu hata mayai yakapoa. Mwishowe alisema, "Ukikatika?"

"Ukikatika, umekatika."

"Dada, si jambo la mchezo. Ukikatika tena mkononi mwake, mimi..."

"Basi uufanye usikatike," nilimwambia. "Na ule mayai hayo. Mtoto huyu amechuma vitunguu kwenye matope tangu alfajiri, viatu vyake vimeharibika."

Akala. Tulipoondoka, gogo lilibaki pale.

*

Baada ya hapo Lorene alinipeleka kila wiki mara mbili. Alisema ana shughuli upande ule. Hakuwa na shughuli yoyote.

Nimekaa na watu wengi wenye kazi za mikono, lakini kumwangalia mdogo wangu akifanya kazi ile lilikuwa jambo lingine. Kwanza aliondoa gome, halafu mti mweupe wa nje, mpaka akafika kwenye mti wa ndani ambao ni wa manjano kama yai. Hapo akachagua pete moja. Mti huongeza pete moja kila mwaka, na mgongo wa upinde lazima uwe pete moja, ileile, kutoka ncha hii mpaka ncha ile. Ukiikata mahali pamoja tu, upinde utafungukia hapo.

Kwenye mti ulionyooka hiyo ni kazi ya siku mbili. Kwenye mti wa mama, pete ilipanda na kushuka. Ilipofika kwenye fundo ilinyanyuka kama ardhi inavyonyanyuka kwenye kichuguu, ikalizunguka, ikashuka upande wa pili. Rufus aliifuata popote ilipokwenda. Mahali palipo wazi alitumia kisu kikubwa cha kuvuta kwa mikono miwili. Akikaribia fundo aliweka kisu hicho chini, akachukua kisu kidogo. Akilifikia fundo lenyewe aliweka hata kisu kidogo, akachukua kipande cha kioo, akakwaruza unga kwa unga.

Macho yake si mazima tena. Basi alifanya kazi asubuhi mapema na jioni tu, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha kila mwinuko kwa kivuli chake. Mchana alilala au alipalilia maharage. Nilimuuliza kwa nini asiwashe taa. Alisema, "Taa inaona juu tu, Dada. Haioni pembeni."

Mafundo yote aliyaacha yakiwa yameinuka. Na penye fundo aliacha upinde uwe mpana zaidi, ukapinda kulia, ukapinda kushoto, ukawa kama nyoka aliyemeza mayai akaendelea na safari yake. Haukuwa umenyooka popote. Hata hivyo, alipofunga uzi toka ncha hadi ncha, uzi ulipita katikati ya mshikio sawasawa. Nilimwambia hajawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Alisema, "Kizuri? Mbuzi akikiona atakimbia." Lakini alikipangusa kwa mkono wa shati lake.

Mwezi wa Juni nilikuta upinde umetundikwa ukutani na Rufus amekaa na mikono mitupu. Fundo la saba lilikuwa limeoza ndani. Kwa juu lilionekana zima, lakini aliposogea upande wa tumbo, ule unaomwelekea mpigaji, kisu kilizama kwenye unga mweusi.

"Haufai," alisema. "Nimeuacha siku tatu sasa. Mwambie Watt anunue wa dukani."

"Watt hajui kama kuna upinde."

Alishtuka. "Hukumwambia?"

"Kwa nini nimwambie? Upinde bado."

Niliosha vikombe vyake, nikamfagilia jikoni. Lorene alikuwa amekaa naye barazani. Nikamsikia akimuuliza, kwa upole, kama mtu asiyejua kitu, "Babu, huo uozo unaishia wapi?"

"Sijui unaishia wapi."

"Kwa nini usiufuate, kama ulivyoifuata ile pete?"

Nikamsikia Rufus akivuta droo ya misumari.

Alichokonoa uozo wote kwa msumari, punje kwa punje, mpaka akafika kwenye mti mgumu pande zote. Fundo la saba likawa tundu. Ungeweza kupitisha kidole gumba. Pande mbili za tundu zilibaki nene, zikabeba kazi ambayo fundo lingebeba. Rufus alichukua siku nne kuzipima kwa vidole, akikwaruza hapa, akiacha pale. Niliuinua upinde mlangoni nikaona anga kupitia tundu. Jamani!

Agosti akaanza kuukunja. Aliufunga ukutani kwa kamba iliyopita kwenye kapi, naye akasimama nyuma ya kona ya nyumba akivuta ile kamba, ili ukikatika usimpate mtu. Mimi alinifungia kwenye pikapu yetu.

"Dada, usifungue dirisha."

"Nitahesabuje?"

"Hesabu kwa kioo kikiwa kimefungwa. Macho yako hayapiti kwenye kioo?"

Nilihesabu mivuto mia sita katika siku tatu. Kila baada ya mivuto ishirini alikuja, akatazama umekunjika wapi kidogo na wapi sana, akakwaruza tumbo mara mbili tatu, akarudi kwenye kona yake. Mwishowe ulikunjika kama mwezi mchanga, tundu na mafundo na yote, bila sauti.

Hapo akaniambia, "Basi mpelekee."

"Mimi?"

"Wewe ndiwe uliyetaka."

"Baba yetu alikuwa akimpa mtu upinde kwa mkono wa mtu mwingine?"

Alijua jibu. Baba, fundi wa pinde kabla yake, aliwahi kutembea siku nzima kwenye theluji ili aweke upinde mkononi mwa mwenyewe. Rufus aliingia ndani, akakaa huko kitambo, akatoka amevaa shati safi na amebeba barakoa ya fundi wa kuchomelea vyuma.

"Hiyo ya nini?" nilimuuliza.

"Ya Watt. Ya kuvaa."

*

Ilikuwa Jumatatu, Septemba imeanza. Lorene aliendesha, na Rufus alikaa katikati yetu na upinde magotini, mgumu kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Kutoka kwake hadi kwa Watt ni dakika sita. Tulipovuka daraja la kijito nilimsikia akivuta pumzi.

Watt alikuwa uwanjani akipanga mabua kwenye rundo. Aliona gari, akaendelea kupanga. Halafu akaona nani ameshuka. Bua lilimwanguka.

Hakukimbia kumlaki. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaja taratibu, kama mtu anavyomsogelea ndege asije akaruka.

"Kaka," alisema. Bila yale meno, maneno yake yalitoka na filimbi kidogo. Hakuwahi kuweka ya bandia. "Umepotea njia ya msituni?"

"Dada amenileta."

"Ahsante, Dada. Huyu mzee amekulipa nauli?"

Rufus alinyoosha mkono wenye upinde. Watt aliupokea. Akapitisha kidole gumba kwenye fundo la kwanza, la pili, la tatu, akafika la saba, akasimama. Aliuinua, akafumba jicho moja, akamtazama Rufus kupitia tundu.

"Nakuona," alisema.

"Ni mti wa mama," Rufus akasema. "Wa chemchemini."

Watt aliushusha. Halafu akaunusa.

Rufus alisema, "Ngoja kwanza. Mimi ndiye nitakayeuvuta mwanzo." Akauwekea ugwe, akauvuta mpaka mwisho, akashikilia hapo, akaurudisha. Akavuta mara kumi. Jasho lilimtoka. Kisha akamkabidhi ile barakoa. "Vaa hii."

Watt aliitazama. "Nikivaa hii nitaona mabua kwa pua?"

"Watt, vaa!"

"Kaka, meno niliyobaki nayo ni ya huku nyuma. Hakuna upinde unaofika huko."

Hata Rufus midomo ilimcheza. Watt akampa Lorene ile barakoa, akachukua mshale, akasimama. Nilishika mkono wa Lorene. Rufus aligeuza uso.

Upinde ulikunjika. Mshale ulikwenda juu, ukashuka, tukasikia ukiingia. Lorene alikimbia kuhesabu, akapiga kelele kutoka kule, "Matano!"

"Huo ulikuwa wa kuamkiana," Watt akasema. Akapiga wa pili.

"Manane! Babu, manane!"

Wakati huo Rufus alikuwa ameshageuka kutazama. Sijui niuelezeje uso wake. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyetua mzigo lakini mabega bado hayajaamini. Watt alikuja, akamshika shingo kwa nyuma, akamtikisa kidogo, akamwachia.

"Basi," Rufus akasema. "Ni wako." Akachukua kofia yake. "Dada, twende. Jua linazama, nina kuku wa kufungia."

Nikaona anachofanya. Amelipa, anaondoka. Atarudi kwake, atafunga kuku wake, na kijito kitabaki palepale. Miaka sita aliogopa kuja, na sasa hakuwa na sababu ya kuja. Watt naye aliona. Tabasamu lilimfutika usoni.

Akauinua upinde tena, bila mshale, akauvuta mpaka nusu, akasimama. Akaurudisha polepole sana.

"Kaka," akasema. "Umelia."

Rufus alikuwa ameshafungua mlango wa gari. "Nini?"

"Umetoa sauti. Kidogo. Karibu na tundu."

Upinde wa mti ukitaka kukatika, mara nyingi hulia kwanza. Rufus alirudi karibu akikimbia. Akauchukua, akaupeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole, akapitisha ulimi, akatoa pamba mfukoni akaipitisha kwenye mgongo wote, maana ufa mdogo hata usioonekana hunasa pamba. Pamba haikunasa popote.

"Sioni kitu."

"Utakuwa ndani," Watt akasema. "Mimi nimesikia."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu yeyote. Miguu yangu ni mibovu, magoti ni mabovu, lakini masikio yangu ni mazima. Sikusikia kitu. Watt alinitazama mara moja tu, nami nikainama nikakung'uta vumbi kwenye gauni langu.

Rufus alimtazama ndugu yake kwa muda. Kisha akautazama upinde, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Labda," alisema polepole. "Labda umelia. Ingefaa tuufunge kwa kano, hapa chini na hapa juu ya tundu. Hakuna hasara."

"Kano za kulungu ninazo. Zinaning'inia ghalani tangu mwaka jana."

"Lazima zitafunwe kwanza zilainike."

"Basi utatafuna wewe," Watt akasema. "Mimi zana zangu unajua zilikokwenda."

Rufus akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari, kicheko kile cha zamani cha puani ambacho mama alikuwa akimkataza kanisani. Lorene alitazama pembeni, akajifanya anatafuta funguo, ili wazee wasione machozi yake.

Tukaingia ndani. Watt alikuwa na supu ya kokwa zilizotwangwa, ile tuiitayo kanuchi, na mimi nilikuwa na mkate wa maharage kwenye kikapu, kwa sababu mtu haendi mahali mikono mitupu. Wale wawili walikaa meza moja, upinde kati yao. Rufus alitafuna kano, akatema nyuzi, akazipaka gundi, akazizungusha pande za tundu, moja baada ya nyingine, na Watt akamshikia taa. Safari hii Rufus hakuikataa taa. Watt alimpulizia supu ipoe akamlisha kijiko, kwa kuwa mikono ya Rufus ilikuwa na gundi.

"Gundi inataka siku tatu," Rufus akasema alipomaliza. "Usiuguse. Nitakuja Alhamisi kuutazama."

"Utakuja mwenyewe?"

"Nitakuja mwenyewe. Miguu ninayo, na daraja lipo."

Watt alitusindikiza hadi kwenye gari. Alimfungia kaka yake mlango kwa mikono miwili, taratibu, akaegemea dirishani.

"Alhamisi ni mbali," alisema. "Gundi ni kitu cha kuangaliwa. Njoo na kesho, kaka."

"Kesho itakuwa bado mbichi."

"Najua," Watt akasema. "Njoo hivyohivyo."